Kilichofutwa Si Chenu

Ofisini walimwita Bi Visanduku, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, ingawa alikataa mengi mengine. Kazi yake ilikuwa kutengeneza zile sehemu za tovuti ambazo mtu huambiwa ajaze: jina lako hapa, simu yako hapa, weka alama kwenye jibu sahihi, bonyeza Tuma. Watu huzijaza fomu hizo wakiwa wamesimama kwenye foleni, wakiwa na mtoto mgongoni, wakiwa na hasira, na hakuna anayewaza kwamba nyuma ya kila kisanduku kuna mtu aliyekaa siku nzima akivifikiria vidole vyao.

Yeye alivifikiria. Jirani akimuuliza anafanya kazi gani hasa, alimweleza hivi: ukigusa herufi moja, ukurasa unashtuka. Herufi ile haiendi moja kwa moja kwenye kisanduku unachokiona. Inapita kwanza kwenye kumbukumbu ya ukurasa, ambayo wenye kazi huiita hali, na hali ndiyo inayokipa kisanduku kitu cha kuonyesha. Ukiandika, hali inabadilika. Ukifuta, inabadilika tena.

"Kwa hiyo wewe unadhani unaandika," angemalizia, "kumbe unanong'ona, na ukurasa unakurudishia maneno yako."

Jirani angeitikia kwa kichwa, halafu angeuliza kama anaweza kumtengenezea redio.

Alikuwa amevuka arobaini, umri ambao katika kazi ile huhesabiwa kuwa uzee. Alianzia mbali. Ujana wake aliumalizia kwenye mapokezi ya zahanati, nyuma ya kioo chenye tundu dogo, ambako wagonjwa walilazimika kuinama na kupaza sauti ili wasikike. Mtu angetaja ugonjwa wake kwa aibu, naye angelazimika kumwambia, sema kwa nguvu, sijasikia. Na foleni nzima ingesikia. Aliichukia kazi ile kwa sababu ya tundu lile. Aliposikia kwamba maswali yaleyale yanaweza kujibiwa kimyakimya kwenye simu, alijifunza kuandika programu kama mtu anayejifunza kuogelea baada ya kumwona mwenzake akizama.

Aliishi na shangazi yake, dada ya baba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Shangazi alikuwa amestaafu upishi wa shule ya bweni. Miaka ya kukoroga masufuria makubwa ilikuwa imempa mikono ya seremala na sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa uwanja. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, ulimi haukuonyesha dalili hiyo. Hakuna fomu iliyotoka mikononi mwa Bi Visanduku bila kupita kwanza kwenye vidole vya shangazi. Mchana wa Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, shangazi alipewa simu, naye mpwa wake alikaa upande wa pili wa meza na laptopu iliyounganishwa na simu ile. Kwenye skrini yake ilionekana hali ya ukurasa, kila herufi ikiingia na kutoka. Sheria ilikuwa moja: mwenye fomu hasemi kitu. Fomu inayohitaji mtu wa kuieleza haijaisha.

"Simu hii iliundwa kwa vidole vya paka," shangazi alisema Jumamosi moja.

Mpwa wake aliendelea kutazama laptopu.

"Nakuambia wewe."

"Shangazi, mimi sipo."

"Hupo, na chai yangu umeimaliza."

Fomu ya siku hiyo ilikuwa ya kampuni ya bima ya afya, mteja mkubwa kuliko wote ambao ofisi yao iliwahi kuwapata. Shangazi aliandika jina lake, polepole, akisogeza simu mbali na uso. Akashuka kwenye kisanduku cha namba ya simu. Akagusa tarakimu ya kwanza, kisha akaiweka simu mezani kama mtu aliyetukanwa.

"Haya, ajabu hii. Jina langu limekimbia. Hilo na simu wamekosana?"

Bi Visanduku alicheka hadi akavunja sheria yake mwenyewe. Lilikuwa kosa ambalo wenye kazi hiyo tu hulifanya, na hulifanya wote. Majibu yote ya fomu alikuwa ameyaweka pamoja, kama vikombe kwenye sinia moja. Ukurasa hauondoi kikombe kimoja na kuweka kingine. Huleta sinia jipya kila mara. Ukisahau kuhamisha vikombe vilivyokuwapo, mgeni anabaki na kikombe kimoja na meza tupu. Aliongeza maneno machache ya kuuagiza ukurasa unakili majibu yaliyotangulia, akamrudishia shangazi simu.

"Wamepatana," alisema.

"Ningewapatanisha mimi kwa mwiko."

Wakaendelea. Umri. Uzito, ambao shangazi aliupunguza bila haya. Magonjwa ya ukoo. Halafu likaja swali: Umejifungua mara ngapi?

Kwenye laptopu ilitokea moja.

Ilikaa pale. Nje mtu alikuwa akisugua ndoo, na sauti ya brashi ilisikika vizuri kuliko kawaida. Kisha moja ikatoweka, pakawa patupu. Kisha ikaja sifuri.

"Na hili swali linalofuata," shangazi alisema kwa sauti ileile ya mwanzo, "herufi zake kama sisimizi. Zikuze."

Ukoo mzima ulijua kwamba shangazi hakuzaa. Ilisemwa mbele yake, mara kwa huruma na mara kwa sumu, naye alikuwa akijibu kwamba amelisha watoto wa watu mpaka wameota ndevu. Bi Visanduku alihisi kama aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha. Alizikuza herufi. Kisha akaifunga ile sehemu ya skrini iliyoonyesha hali. Hakuuliza kitu. Hakukusudia kuuliza.

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la magodoro, vyumba viwili na ngazi yenye harufu ya sponji mpya. Jumatatu, meneja wa kampuni ya bima alipanda ngazi hiyo. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya muuguzi anayekuomba ulegeze mkono. Walikaa wanne: meneja, bosi wao mwenye simu mbili na kicheko kizuri, Bi Visanduku, na kijana aliyepanga rangi na sura za kurasa, waliyemwita Mchoraji.

"Fomu ni nzuri sana," meneja alisema. "Nina ombi dogo tu. Tungependa kupokea wanachoandika watu kabla hawajabonyeza Tuma."

"Kabla?" Bi Visanduku aliuliza.

"Wateja wanatudanganya, dada. Mtu anaulizwa kama ana kisukari, anajibu ndiyo, anafikiria kidogo, anabadilisha na kuweka hapana. Sisi tunapata ile hapana. Ndiyo yake inapotea."

"Haipotei. Ameifuta."

"Lakini ukurasa umeiona."

"Ukurasa umeiona. Ninyi hamjaiona."

Bosi alicheka ili kulainisha mambo. "Lakini kiufundi inawezekana, au siyo?"

"Ni mstari mmoja wa programu."

"Basi! Mstari mmoja tu!"

"Siuandiki."

Mchoraji alikuwa akichora samaki pembeni mwa karatasi yake. Samaki yule alibaki bila mkia.

"Mtu mkweli ataogopa nini?" meneja aliuliza, bila ukali hata kidogo.

"Mtu mkweli pia hufuta. Anakosea kidole. Anachanganya mwaka. Au anaanza kuandika jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote, halafu anaona kwamba hapa si mahali pake. Hayo yote ni yake mpaka abonyeze. Ndiyo maana nikaweka kitufe. Kama kila herufi inawafikia, kitufe kile ni pambo, na mimi nimewadanganya watu."

"Tunaulinda mfuko wa wanachama wote, dada. Hata wale wakweli."

"Basi waulizeni vizuri. Wapimeni. Watumieni daktari. Lakini msiwachungulie."

Meneja alipoondoka, bosi alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe magumu. Alikuwa amemwajiri wakati ofisi nyingine zilipomwangalia usoni na kuuliza kama amekuja kumtafuta mwanawe.

"Unajua yule akiondoka, tutabaki na nini?" aliuliza.

"Najua."

"Huko nje wanaajiri watoto waliomaliza shule jana. Wewe nilikuchukua mimi."

"Ulinichukua, na sijasahau. Niombe kitu kingine chochote."

"Sina kingine cha kukuomba. Una mpaka Ijumaa. Uandike huo mstari, au uondoke."

Kwa hiyo mambo yakawa wazi, na ndani ya uwazi ule alipata nguvu ya ajabu, kama mtu aliyebeba mzigo muda mrefu bila kujua una nini ndani, na sasa umefunguliwa. Alifanya kazi wiki nzima. Alirekebisha kisanduku cha tarehe, akarekebisha ujumbe wa makosa ili usimkaripie mtu. Jumatano Mchoraji alimfuata kwenye ngazi, macho yakimng'aa.

"Dada mkubwa, nimepata dawa yao. Tumkaribishe meneja ajaribu fomu yeye mwenyewe. Tumwambie jaza tu, kama mteja. Wewe unganisha na projekta, hali yote ukutani. Akifika kwenye uzito, auandike, aufute... sisi tunaangalia! Atakoma!"

"Hapana."

"Atajifunza!"

"Atajifunza kwa mimi kufanya kilekile ninachokikataa?"

"Mara moja tu."

"Wewe ushawahi kuona kitu cha mtu ambacho hakutaka ukione?"

Mchoraji alifikiria. "Mjomba wangu akivaa wigi."

"Na ukiwa naye sasa, unaangalia wapi?"

"Viatu," alikiri.

"Basi ndiyo hivyo."

Ijumaa meneja alirudi. Bi Visanduku aliweka ukurasa ukutani. Juu ya kisanduku cha kwanza, kwa herufi kubwa na nyeusi kama za maswali yenyewe, palikuwa na sentensi: Kila unachoandika hapa, hata ukikifuta, kinatufikia.

"Mkiikubali sentensi hii ikae pale ilipo," alisema, "nitaandika mstari wenu leo hii, mbele yenu. Anayejaza atakuwa anajua nani yuko chumbani."

Meneja aliisoma. Aliisoma tena. "Tunaweza kuiweka kwenye masharti," alisema. "Kule chini."

"Kule ambako hakuna anayefika? Hapana. Hapo hapo."

"Dada, nani atajaza fomu akisoma hivyo?"

"Hilo swali lako ndilo jibu langu."

Bosi aliinama na kujisugua macho. Meneja alifunga mkoba wake taratibu na kusema kwamba angesubiri ukurasa uliokamilika, bila sentensi, kutoka kwa yeyote atakayeuandika. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu mwenye njia nyingine nyingi za kufika nyumbani.

Bosi alimgeukia Mchoraji. "Wewe unaweza?"

"Mimi huchora tu, bosi."

"Mwaka jana uliandika ukurasa mzima!"

"Niliuchora kwa herufi."

Basi bosi alivua koti, akakaa mwenyewe kwenye kompyuta. Aliwahi kuandika programu zamani, kabla ya simu mbili na vikao. Hadi jua lilipofika kwenye dirisha la magharibi alikuwa bado pale, akigonga vitufe kwa vidole viwili na kunong'ona matusi. Mwishowe aliita.

"Njoo uangalie. Nikiandika kisanduku hiki, vingine vyote vinakuwa vitupu. Kuna nini?"

Bi Visanduku alisimama nyuma yake na kuona mara moja. Sinia jipya, kikombe kimoja. Ili kuuingiza mstari wake, bosi alikuwa ameligusa lile fungu alilolirekebisha Bi Visanduku Jumamosi, akayaondoa maneno ya kunakili. Na chini yake palikuwa na mstari wenyewe, mfupi, ukipeleka kila herufi kwenye seva ya bima. Haukuwa na sura ya ubaya wowote.

"Nimeona," alisema.

"Rekebisha."

"Nitarekebisha. Ukishautoa huo wa chini."

"Dada, watu wakifungua fomu hii majina yao yatapotea! Si wewe unayewajali watu?"

Hapo alichoma mahali panapouma. Bi Visanduku alivitazama vile visanduku vyeupe. Kazi mbovu ilimuuma mwilini kama jino. Vidole vyake vilijua pa kwenda.

"Majina yakipotea, wataona," alisema. "Watapiga simu, watawatukana, mtatafuta wa kurekebisha. Hicho kingine hawatakiona kamwe. Siwezi kukutengenezea mlango uende vizuri ili mwizi apite bila kelele."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze."

"Nakufukuza kweli."

"Nimesikia, bosi. Sema kwa nguvu kama unataka na wa magodoro wasikie."

Alichukua kikombe chake, sweta na waya wa kuchaji. Mchoraji alimfungulia mlango na kusimama wima kama askari wa gwaride.

Nyumbani shangazi alikuwa akichambua mchele. Aliuona waya na kikombe, akaelewa nusu.

"Umefukuzwa? Umeiba?"

"Nimekataa."

"Umekataa nini?"

Alikaa. Njiani alikuwa ametunga uongo mzuri kuhusu wateja waliopungua. Ulimwishia mdomoni.

"Walitaka kuona vitu ambavyo watu wanaviandika halafu wanavifuta."

Mkono wa shangazi uliendelea kuzunguka juu ya mchele, kisha ukapungua kasi.

"Kumbe vinaonekana?"

"Vinaonekana, mtu akitaka."

"Na wewe? Ukikaa pale na mashine yako?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana kabisa. Hakuutumia.

"Nilikuwa naviona. Nimezima."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile, shangazi."

Shangazi alichukua jiwe dogo kutoka kwenye mchele, akalitazama, akalitupa dirishani.

"Wewe ulinyamaza," shangazi alisema hatimaye.

"Si langu."

"Hapana. Si lako." Akarudi kwenye mchele. "Na wao ndio walitaka kusoma ya watu wote? Mbwa hao. Na wakikuita urudi, usiende."

Hawakumwita. Fomu ile ilifunguliwa mwezi uliofuata. Mchoraji alimpigia kumwambia kwamba wamemwajiri kijana mwepesi, majina hayapotei tena, na mstari upo. Bi Visanduku alimshukuru. Tangu siku hiyo, popote alipokuta watu wameinamia simu, kwenye foleni ya dawa au ukumbi wa kungojea zamu, aliwaambia kwa sauti ya shangazi yake, isiyojua kunong'ona: "Fikirini kwanza, muandike baadaye. Ukurasa una masikio." Wengine walimwona ana kichaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mapajani alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaizima simu yake na kuiweka kwenye mkoba.

Kazi aliitafuta miezi. Kila mahali palikuwa na fomu ya kujaza, na alizijaza akiwa na jicho la fundi, akiguna. Asubuhi moja alifika kwenye fomu ya kampuni moja kubwa. Visanduku vyake vilichelewa. Herufi ilitokea kama mtu aliyeamshwa usingizini, jambo ambalo hutokea ukurasa unapokuwa na shughuli nyingine nyuma ya pazia. Alisita. Huenda ulikuwa mzigo wa kawaida tu. Huenda haukuwa.

Swali lilisema: Kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?

Shangazi, aliyekuwa akipita na ndoo, alisoma juu ya bega lake. "Weka sababu za kifamilia. Kila mtu huweka hivyo."

"Subiri."

Aliandika kwanza: Kama mnayasoma haya kabla sijatuma, oneni aibu. Akayaacha maneno hayo pale kidogo, ili mwenye kusoma apate nafasi. Kisha akayafuta herufi kwa herufi, taratibu, kuanzia mwisho, mpaka kisanduku kikawa cheupe.

Shangazi alicheka hadi maji ya ndoo yakamwagika.

Ndipo akaandika jibu lake: Niliambiwa niwachungulie watu. Nilikataa. Hata kwenu nitakataa.

Akalisoma lote, hakubadilisha neno, akabonyeza Tuma.